Jani Lenye Tundu

Picha ilikuja kwa simu, kutoka Nyali:
jani pana, ncha zimejikunja kama masharubu.
"Hili, mama. Vyungu ishirini vya maua,
vya roshani za ghorofa mpya."
Mama, udongo umemfika viwikoni,
alinipa simu niishike mimi, isichafuke,
akauliza jani lile huota wapi.
Bwana Mulandi hakujua. Alijua kimo, kipenyo,
na tarehe ya kuvichukua.

Mama hachongi asichowahi kukishika.
Basi wiki ile Jomvu Kuu nzima
iliingia vyunguni:
asumini ya kwa Bi Mwanatumu, iliyopanda hadi paa la choo,
mrehani uliokulia kwenye kopo la rangi,
mkadi na miiba yake yote,
kilua, kisichopenda kuonekana, hunukia tu,
na jani la mpapai, vidole vimekunjuliwa
kama abiria anayedai chenji yake.

Patasi hatuna.
Tuna ubavu wa mwavuli, umenolewa kwenye kizingiti,
kijiko cha chai kilichokatika mpini,
gunzi la hindi la kuparuza, ganda la kombe la kulainisha.
Udongo hauchongwi mbichi. Hauchongwi mkavu.
Huchongwa ukiwa kama halua iliyolala,
na saa hiyo mama huijua kwa midomo:
huinama akagusa ukuta wa chungu,
kama apimaye homa ya mtoto.

Chungu cha kumi na saba kilipata jani la mkungu,
aliloliokota uani, jekundu, limeanguka usiku.
Lilikuwa na tundu. Kiwavi alipita, akala, akaenda zake.
Mama akachonga jani, mshipa kwa mshipa,
akafika penye tundu,
akachonga na tundu,
hadi ubavu wa mwavuli ukatokea upande wa pili.
Nikamwambia, mama, umekosea.
"Kiwavi hakukosea," akasema,
akaomba maji ya kunywa.

Tulichoma Ijumaa usiku, kwa vifuu na makumbi.
Moshi ukaenda kwa jirani bila hodi;
Bi Mwanatumu akaanua nguo zake
akitutukana kwa adabu, jina moja baada ya jina.
Tulikuwa tumefinyanga ishirini na vitatu. Vitatu vilipasuka.
Mfinyanzi hulia gaeni, wahenga walisema,
wasifafanue: hulia wali, au hulia machozi?
Usiku ule sisi tulilia vyote, na mchuzi wa dengu.

Bwana Mulandi alikuja na kenta na nyasi kavu.
Akahesabu. Akafika kwa jani la mkungu,
akatia kidole tunduni, akachungulia, akaniona mimi.
"Hiki kibovu. Kitavuja."
Akalipa kumi na tisa.
Jani la kwenye picha hakuliuliza.
Labda alisahau. Labda hata yeye
hakuwahi kulitazama.

Mwaka uliofuata nilipeleka mkaa mtaa ule ule
nikainua macho: roshani ya tatu,
kilua cha mama kimegeuzwa, kinatazama ukuta,
na ndani ya chungu, maua ya plastiki
yaliyojaa vumbi la barabara.
Sikumwambia. Nilimwambia bei ya mkaa.

Kile kibovu kiko mlangoni petu, kina mrehani.
Kweli kilivuja, miezi miwili,
kikachora mstari wa kutu sakafuni.
Kisha akaja nyigu, yule mwembamba wa kiuno,
akaleta tope punje kwa punje, sijui kutoka wapi,
akaliziba tundu, akajenga humo chumba
cha mwanawe.
Nilishika kijiti nimtoe.
Mama akanishika mkono: "Mwache. Ni fundi."

Siku hizi akimwagilia humwaga upande wa pili, polepole,
kisha huchuchumaa, miwani puani,
akaikagua kazi ya mwenzake.
"Mkono wake mwepesi," husema.
"Ila kuchonga, bado."